Kibarani: Basi la mfadhili lisiwe kisingizio cha serikali

MGENI njoo, mwenyeji apone. Kwa hekima hiyo ya wahenga, wakazi wa Pwani wamewapokea wafadhili wengi wanaofika Kilifi na Malindi wakiwa na mipira, jezi, viti vya magurudumu na ahadi. Vigelegele hupigwa, hotuba husomwa, picha hupigwa, kisha mgeni hufunga safari akarudi kwao. Swali ambalo huwa haliulizwi siku hiyo ni moja tu: je, mwenyeji amepona kweli, au amepewa dawa ya kutuliza maumivu?

Swali hilo lina uzito wa pekee Kibarani. Hatuzungumzii Kibarani ile ya Mombasa, iliyojulikana kwa miaka mingi kutokana na jaa lake la taka. Tunazungumzia wadi ya Kibarani katika eneo bunge la Kilifi Kaskazini, ilipo Shule ya Viziwi ya Kibarani. Kwa mtoto asiyesikia katika sehemu hii ya Pwani, jina hilo lina maana ya mahali ambapo mikono inazungumza na macho yanasikiliza.

Michezo ni sehemu ya elimu ya mtoto huyo sawa na hesabu na kusoma. Hata hivyo, michezo ya watu wenye ulemavu humu nchini imeachwa kwa kiasi kikubwa mikononi mwa wahisani. Ili kuona faida na hatari ya hali hiyo, inafaa kulitazama shirika moja la Uingereza ambalo limeifanya kazi hii kwa zaidi ya miaka 70, na ambalo jina lake limefungamana na mchezo wa kriketi.

Baa iliyozaa mabasi

Shirika hilo linaitwa Lord's Taverners. Lilianzishwa London mwaka wa 1950 na kundi la waigizaji na wapenzi wa kriketi waliozoea kutazama mechi wakiwa na vinywaji vyao kwenye baa iliyokuwa kando ya uwanja wa Lord's. Jina la uwanja huo halitokani na makabaila, bali na mfanyabiashara Thomas Lord, aliyeanzisha uwanja wake wa kwanza mwaka wa 1787.

Mwanamfalme Philip, mume wa Malkia Elizabeth wa Pili, alikuwa mlezi wa shirika hilo na akapewa cheo cha utani cha "mchezaji wa kumi na mbili". Katika kriketi timu huwa na wachezaji 11, na wa kumi na mbili ndiye akiba anayesubiri pembeni na kuwapelekea wenzake maji. Alibaki na cheo hicho hadi alipofariki mwaka wa 2021.

Mwanzoni fedha zilizochangwa zilisaidia kupatikana kwa viwanja vya kuchezea watoto. Baadaye shirika likagundua jambo ambalo kila mzazi wa mtoto mwenye ulemavu hulijua bila kufundishwa: uwanja hauna faida kwa mtoto asiyeweza kuufikia. Ndipo likaanza kutoa mabasi madogo ya rangi ya kijani kwa shule na taasisi za watoto wenye ulemavu. Hadi sasa limetoa mabasi zaidi ya 1,000.

Aidha, shirika hilo limekuwa likitoa viti vya magurudumu vya michezo, kuendesha mashindano ya kriketi kwa vijana wenye ulemavu, na kukusanya vifaa vya michezo vilivyotumika Uingereza ili vitumike tena kwingineko, Afrika ikiwemo.

Mtu anaweza kulitazama shirika hilo na kuona tu matajiri wanaokula chakula cha jioni kwa ajili ya maskini. Lakini mchanganuzi makini ataona kitu kingine. Watu hao hawakuishia kwenye vibao vya kugongea na mipira. Waliuliza mtoto anakwama wapi kabla ya kufika uwanjani, wakaenda kulifungua fundo hilo. Hilo ndilo somo la kwanza kwa Kibarani.

Takwimu zinasema nini?

Kilifi haiwezi kudai kwamba haijui ukubwa wa jambo hili. Kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome Trust, ambacho kimekuwa mjini Kilifi tangu mwaka wa 1989, kimechunguza afya ya watoto wa eneo hili pengine kuliko eneo lolote jingine la mashambani nchini Kenya.

Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2006, ambapo watoto zaidi ya 10,000 wa umri wa miaka sita hadi tisa walichunguzwa, ulionyesha kwamba watoto 61 katika kila 1,000 walikuwa na kasoro ya wastani au kubwa inayotokana na mfumo wa neva. Kifafa kiliongoza, kikifuatwa na matatizo ya akili na uelewa. Waliokuwa na tatizo la kusikia walikuwa 14 katika kila 1,000.

Sensa ya kitaifa ya mwaka wa 2019, kwa upande wake, ilipata kwamba asilimia 2.2 ya Wakenya wana ulemavu. Vigezo vya hesabu hizo mbili havifanani, hivyo haifai kuziweka kwenye mizani moja. Lakini tofauti yenyewe inatupa onyo. Karani wa sensa huuliza mlangoni na kuandika anachoambiwa, ilhali mtafiti huenda na vifaa akampima mtoto mwenyewe. Mtoto aliyefichwa chumba cha nyuma haingii katika hesabu, na asiyehesabiwa hatengewi bajeti.

Na watoto hufichwa. Watafiti wa Kilifi wameandika jinsi baadhi ya familia zinavyouhusisha ulemavu na uchawi, mapepo au laana, na jinsi mama anavyobebeshwa lawama. Hapo ndipo mchezo unapokuwa zaidi ya mchezo. Mtoto anapokimbia mbele ya kijiji kizima akashinda, hoja ya laana hupoteza nguvu bila mtu yeyote kuhutubu.

Mtoto wa serikali mbili

Kisheria, Kenya si maskini. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka wa 2003 ilitamka waziwazi kwamba watu hao wana haki ya kutumia bila malipo viwanja na vifaa vya michezo vya serikali. Mwaka wa 2008 Kenya iliidhinisha Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ulemavu, ambao kifungu chake cha 30 kinazungumzia michezo na burudani. Katiba ya mwaka wa 2010 iliitambua Lugha ya Ishara ya Kenya na kuifanya mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Mwaka wa 2025 sheria ile ya 2003 ilifutwa na mahali pake pakachukuliwa na sheria mpya.

Tatizo basi haliko kwenye karatasi. Tatizo liko kwenye mwanya uliopo kati ya ofisi mbili.

Jedwali la Nne la Katiba ndilo linalogawa kazi kati ya serikali kuu na serikali za kaunti. Humo, shule za msingi, shule za sekondari na taasisi za elimu maalum zimewekwa chini ya serikali kuu. Lakini shughuli za michezo na viwanja vyake zimewekwa chini ya kaunti, huku serikali kuu ikibaki na jukumu la kukuza michezo na elimu ya michezo.

Tafsiri yake kwa lugha nyepesi ni hii: mtoto wa Kibarani akiwa darasani ni wa Nairobi, akitoka kwenda uwanjani ni wa Kilifi. Na akiwa njiani kati ya darasa na uwanja, ni wa nani?

Hapo njiani ndipo basi linapohitajika. Hapo ndipo anapohitajika kocha anayejua lugha ya ishara, pamoja na nauli na chakula cha siku ya mashindano. Afisa wa elimu anaweza kusema, kwa haki kabisa, kwamba michezo imegatuliwa. Afisa wa kaunti naye anaweza kujibu, kwa haki hiyo hiyo, kwamba shule si yake. Wote wawili watakuwa wamesema kweli, na mtoto atabaki langoni.

Huo ndio mwanya ambao mfadhili huingia. Hauliwi na mipaka ya Jedwali la Nne. Anachohitaji ni ruhusa ya mwalimu mkuu tu. Ndiyo maana msaada wake huonekana wa haraka na wa maana. Lakini ndiyo maana pia msaada huo una hatari yake. Kila basi la hisani linapoingia shuleni, ofisi zote mbili hupata nafuu ya kutoulizwa. Basi hugeuka kisingizio. Likiharibika gia baada ya miaka michache, halina fungu la matengenezo katika bajeti yoyote, kwa kuwa halikupata kuwa mali ya mpango wowote.

Mtegemea cha nduguye, walisema wahenga, hufa maskini.

Funzo la kriketi yenyewe

Atakayedhani hofu hiyo imetiwa chumvi na aitazame historia ya kriketi nchini. Mwaka wa 1996 Kenya iliishangaza dunia kwa kuilaza West Indies katika Kombe la Dunia mjini Pune, India. Mwaka wa 2003, chini ya nahodha Steve Tikolo, ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia na kutolewa na India mjini Durban. Hakuna taifa jingine lisilokuwa na hadhi ya kucheza mechi za majaribio lililowahi kufika hapo.

Baada ya hapo palifuata mizozo ya uongozi, madai ya ufisadi na migomo ya wachezaji. Mwaka wa 2014 Kenya ikapoteza hadhi yake ya mechi za kimataifa za siku moja. Nyota walikuwepo na fedha za wadhamini zilikuwepo. Kilichokosekana ni msingi: shule nyingi zinazocheza, makocha wa mashinani na uongozi unaotoa hesabu. Ikiwa timu iliyofika nusu fainali ya dunia iliweza kuporomoka kwa kukosa msingi, sembuse mpango wa shule moja unaotegemea barua pepe ya mfadhili mmoja?

Lakini kwa nini kriketi?

Wapo watakaosema kwamba kriketi ni mchezo wa Waingereza na Wahindi, na kwamba kijana wa Kilifi anataka kandanda. Hoja hiyo ina ukweli. Ingawa uwanja wa Mombasa Sports Club umewahi kuandaa mechi za kimataifa, kriketi haijateremka hadi vijijini katika Pwani ya kaskazini. Kumlazimisha mtoto acheze mchezo wa mfadhili ili apate basi la mfadhili ni utumwa wa aina yake.

Hata hivyo, kriketi ya watu wenye ulemavu ina jambo la kutufunza, nalo ni namna mchezo unavyoweza kubadilishwa umfuate mchezaji, badala ya mchezaji kukataliwa na mchezo.

Kriketi ya wasioona ilianza Melbourne, Australia, mwaka wa 1922, wakati wafanyakazi wawili vipofu wa kiwandani walipotia vijiwe ndani ya kopo la bati wakalifanya mpira. Waliusikia ulipokuwa ukija. Kutokana na kopo hilo kumekua mchezo wenye Kombe lake la Dunia, la kwanza likiwa limefanyika New Delhi mwaka wa 1998. Sheria zake zinataka angalau wachezaji wanne kati ya 11 wawe hawaoni kabisa. Mpira hurushwa chini chini, na alama za asiyeona kabisa huhesabiwa mara mbili.

Kuna pia kriketi ya mezani, ambayo Lord's Taverners imeisambaza katika shule za Uingereza. Huchezwa juu ya meza ya tenisi. Mpira huteremshwa kwenye kibao kilichoinama, mchezaji huugonga kwa kibao kidogo, na walinzi huusubiri kwenye kingo za meza. Mtoto aliyepooza viungo anaweza kuucheza. Seremala wa mjini Kilifi akionyeshwa picha anaweza kuitengeneza meza hiyo kwa mbao zake mwenyewe bila kungoja kontena kutoka ng'ambo.

Kwa watoto viziwi mabadiliko yanayotakiwa ni madogo zaidi. Katika kriketi ya kawaida, wachezaji wawili wanaogonga huitana kwa sauti: njoo, ngoja, rudi. Viziwi huitana kwa mikono na macho. Katika kandanda yao, refa hupeperusha bendera. Katika riadha, taa huchukua nafasi ya bastola ya kuanzishia mbio. Mtoto wa Kibarani hahitaji mguu wa bandia ili akimbie. Anahitaji bendera, taa, na mtu mzima anayejua kuzungumza naye.

Jambo hilo huwaponza. Kwa kuwa ulemavu wao hauonekani kwa macho, viziwi husahaulika hata miongoni mwa waliosahaulika. Olimpiki ya walemavu haina kitengo chao. Wana Olimpiki yao wenyewe, iliyoanza Paris mwaka wa 1924, ambapo mshiriki lazima awe amepoteza uwezo wa kusikia kwa kiwango cha angalau desibeli 55 katika sikio lake lililo zima zaidi, na haruhusiwi kuvaa kifaa cha kusaidia kusikia anaposhindana. Katika mashindano ya Caxias do Sul, Brazil, mwaka wa 2022, Kenya ilipata medali zaidi ya 20. Ni Wakenya wangapi wanaoweza kutaja jina la mshindi mmoja?

Tunakumbuka zaidi simulizi la Henry Wanyoike, aliyepoteza uwezo wa kuona akiwa kijana. Alipokuwa akiishinda dhahabu ya mita 5,000 huko Sydney mwaka wa 2000, mwongozaji wake aliishiwa na nguvu karibu na mwisho, na ikabidi asiyeona amvute anayeona hadi kwenye mstari. Akarudia ushindi huo Athens mwaka wa 2004 na kuongeza dhahabu ya mita 10,000. Tunapenda ushujaa wake, lakini funzo lake ni la bajeti. Mwanariadha asiyeona ni wanariadha wawili. Anayemlipia mmoja hajalipia mbio. Vivyo hivyo, anayeipa timu ya viziwi mipira bila kumlipa mkalimani hajaipa mchezo.

Nini kifanyike?

Makala haya hayasemi wafadhili wafukuzwe. Wapo waliofanya ambayo serikali haikuyafanya, na mtoto aliyepata kiti cha magurudumu leo hawezi kuambiwa asubiri kikao cha bunge la kaunti. Yanachosema ni kwamba msaada upokelewe kwa masharti, na masharti hayo yatuhusu sisi kabla ya kumhusu mgeni.

Kwanza, serikali kuu na Serikali ya Kaunti ya Kilifi zitie saini makubaliano ya wazi kuhusu michezo ya shule maalum. Katiba inaruhusu ngazi hizo mbili kushirikiana na hata kuhamishiana majukumu. Makubaliano hayo yaseme nani analipa dereva, nani analipa mafuta, na nani anamlipa kocha.

Pili, basi likitolewa na mhisani yeyote, lisiandikwe jina la shule moja tu. Kilifi ina shule maalum zaidi ya moja, ikiwemo ile ya Gede upande wa Malindi. Ratiba ya pamoja ingewezesha basi moja kuhudumia shule kadhaa, na watoto wangepata wa kushindana nao. Timu isiyokuwa na mpinzani hufanya mazoezi tu.

Tatu, walimu wa michezo katika shule za kawaida wafundishwe walau ishara za msingi za uwanjani. Shule za viziwi kwa kawaida huwa za bweni, na mtoto hukaa huko miezi kadhaa akiwa na wenzake wanaomwelewa. Shule zinapofungwa hurudi kijijini, Ganze au Magarini, ambako huenda asipate hata mmoja wa kumwambia "nipe pasi". Michezo ya pamoja kati ya wanaosikia na wasiosikia ndiyo daraja la kuvuka miezi hiyo ya upweke.

Nne, Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu na hazina ya kitaifa ya michezo zichapishe kila mwaka kiasi kilichofika kila kaunti kwa ajili ya wanamichezo wenye ulemavu. Wawakilishi wa wadi ya Kibarani na kwingineko watapata cha kuulizia, na mpigakura naye atapata cha kumpimia mwakilishi wake.

Tano, watu wenye ulemavu wenyewe wawe mezani mambo haya yanapoamuliwa. Mpira wa kopo la bati haukubuniwa na kamati ya wahisani. Ulibuniwa na vipofu wawili waliotaka kucheza.

Waigizaji wale wa London walianza na michango ya baa, katika nchi ambayo tayari ilikuwa na barabara, walimu na halmashauri za kutunza walichokitoa. Msaada wao ulikuwa nyongeza juu ya msingi. Kwetu, mara nyingi msaada ndio msingi, ndio ukuta na ndio paa. Siku mfadhili akichoka, au mlezi wake akifariki, au uchumi wa kwao ukiyumba, nyumba nzima huanguka.

Kwa hivyo, mgeni mwingine atakapofika Kibarani na basi lake la kijani, apokelewe kwa heshima zote za Pwani na apewe madafu. Kisha, kabla ya picha kupigwa, afisa wa elimu na afisa wa michezo wa kaunti wasimame mbele ya watoto, mkalimani wa lugha ya ishara akiwa kando yao, na kila mmoja aseme mwaka ujao ofisi yake italipa nini. Watoto wa Kibarani hawasikii makofi. Lakini wanaona vizuri sana nani alisimama na nani alibaki kimya.